Kofia ya muda ya jino imetoka: urudi kwa daktari, uibandike mwenyewe au usubiri miadi?

Kofia ya muda ya jino hubandikwa ili itoke. Daktari huishika kwa simenti dhaifu kwa makusudi, maana kofia ya kudumu ikishafika kutoka maabara, aghalabu baada ya wiki moja hadi tatu, anatakiwa kuiondoa ile ya mwanzo bila kuliumiza jino. Kwa hiyo ikitangulia kutoka yenyewe kwenye mshikaki wa jioni, au asubuhi unapopiga mswaki, usidhani umeharibu kazi yote. Kilichobaki mdomoni ni kisiki cha jino lililosagwa, na mkononi una kigamba cha plastiki ngumu chenye umbo la jino. Sasa ufanye nini nacho?

Kwa mkazi wa Dodoma swali hili lina uzito wake. Wengi waliohamia na ofisi za serikali bado wana daktari wao wa meno Dar es Salaam. Wengine walitibiwa hapa mjini lakini wanaishi Kondoa, Kongwa au Mpwapwa, na safari ya kuja mjini inakula siku nzima. Ndiyo maana ushauri wa mkato wa "rudi kwa daktari wako" haumfai kila mtu kwa kiwango kilekile. Njia zipo nne, na nitazipima zote kwa mizani moja.

Kwanza, yasiyosubiri ulinganisho

Kama kofia imekupalia na sasa unakohoa mfululizo, unapumua kwa mlio au kifua kinabana, nenda hospitali yenye kitengo cha dharura sasa hivi, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Kitu kidogo kama hicho kinaweza kuingia njia ya hewa. Ukiimeza ikashuka tumboni bila shida, kwa kawaida hupita na choo ndani ya siku chache. Usijaribu kuirudisha mdomoni baada ya hapo, hata kama utaiona.

Uvimbe wa shavu au shingo, homa, usaha, au mdomo kushindwa kufunguka vizuri ni dalili za maambukizi. Hapo habari ya kofia inawekwa pembeni, unatibiwa kwanza.

Mizani yenyewe

*Ulinzi.* Jino lililoandaliwa kwa kofia limevuliwa gamba lake gumu la nje. Kama bado lina uhai, yaani mzizi wake haujatibiwa, litasema: chai ya moto, maji ya friji, hata upepo wa Julai ukiwa juu ya bodaboda alfajiri kuelekea Mtumba. Kama mzizi ulishatibiwa, hutasikia chochote, na hapo ndipo wengi hujisahau. Jino la namna hiyo likitafunia bila kofia ni rahisi kupasuka, na mate yenye bakteria yanaweza kupenya yakauchafua upya mzizi uliosafishwa kwa fedha nyingi. Jino kunyamaza si ruhusa ya kuahirisha.

*Nafasi.* Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, kwa sababu hakiumi. Meno hayakupigiliwa kwenye taya, yanazuiana. Kofia ikitoka, jino la jirani huanza kuegemea pengo, na lile linalokutana nalo kutoka taya la pili hushuka au kupanda likitafuta wa kugusana naye. Fizi nazo hutambaa zikafunika ukingo wa kisiki. Kofia ya kudumu, kwa upande wake, inatengenezwa kwa kipimo kilichochukuliwa siku ile ile uliposagwa jino, kabla chochote hakijasogea. Badiliko dogo sana linatosha kuifanya ikatae kukaa. Daktari atasaga hapa na pale. Ikishindikana atachukua kipimo upya, itarudi maabara, na kuna uwezekano ukalipa tena. Siku moja au mbili bila kofia kwa kawaida si neno. Wiki ikikatika, una sababu ya kuwa na wasiwasi.

*Fedha na muda.* Hapa hesabu nauli, ada ya kumwona daktari, ruhusa ya kazini, na nani atabaki na watoto.

*Hatari ya njia yenyewe.* Baadhi ya njia zikienda kombo zinakurudisha ulipokuwa. Nyingine zinakuacha pabaya zaidi.

Njia ya kwanza: kurudi kwa daktari aliyekutengenezea

Kwa ulinzi na kwa nafasi, hakuna njia inayoishinda hii. Daktari huyu anajua kama mzizi umetibiwa, anajua kofia inayokuja itabandikwa kwa simenti gani, na ataangalia jambo ambalo wewe huwezi kuliona kwenye kioo: kwa nini ilitoka. Mara nyingi ni simenti kuoshwa na mate au kutafuna kitu kinachonata. Wakati mwingine kofia ilikuwa juu kidogo, ikawa inagongwa kila unapofunga mdomo, na hiyo ukiibandika bila kuirekebisha itatoka tena. Wengine wanasaga meno usingizini bila kujijua. Kazi ya kuirudishia ni fupi, na kliniki nyingine hazitozi chochote kwa kofia ya muda waliyoitengeneza wenyewe. Uliza kabla ya kufunga safari.

Kwenye fedha na muda ndipo inaposhindwa, kama daktari yuko mbali. Treni ya SGR iliyofika Dodoma mwaka 2024 imeifanya Dar kuwa safari ya saa chache. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwenda tu. Hata hivyo kwenda na kurudi kwa ajili ya kazi ya nusu saa, halafu urudi tena wiki inayofuata kwa kofia ya kudumu, ni mzigo. Jambo moja linalopunguza mzigo huo ni kupiga simu. Usiseme tu "jino limetoka", maana aliyepokea atadhani limeng'oka. Sema hivi: "Habari za kazi, dada. Kofia ya muda ya gego la chini kulia imetoka jana usiku. Ninayo, haijapasuka. Mzizi haujatibiwa, maji baridi yanauma. Miadi yangu ni tarehe 14. Nipo Dodoma. Naomba umuulize daktari kama nije au nibandikiwe huku." Kwa sentensi hizo daktari anaweza kuamua. Huenda hata akakuambia kofia ya kudumu imeshafika, uende ukavishwe moja kwa moja.

Hatari yake ni ndogo mno. Inamfaa aliye karibu na kliniki yake, mwenye maumivu makali, mwenye kofia ya mbele inayoonekana akicheka, na yule ambaye kofia imemtoka kwa mara ya pili.

Njia ya pili: daktari wa meno wa karibu, asiye wako

Watu huiruka njia hii kwa aibu, wakidhani ni kumsaliti daktari wao au kwamba huyu mpya atakataa kugusa kazi ya mwenzake. Kurudishia kofia ya muda ni kazi ya kawaida kabisa. Simenti ya zinki oksaidi na eugenoli, ile yenye harufu ya karafuu inayokupokea mlangoni kwenye vyumba vingi vya meno, ni bidhaa ya kila siku, kwa hiyo hata hospitali ya wilaya yenye tabibu wa meno inaweza kukusaidia. Kofia ikiwa imepotea au imevunjika, anaweza kukutengenezea nyingine, au walau kukifunika kisiki kwa dawa ya kuziba ya muda.

Ulinzi ni karibu sawa na njia ya kwanza. Nafasi pia, mradi iwe kofia kamili. Kisiki kilichofunikwa kwa dawa tu hakiumi, lakini hakiwazuii vizuri meno ya jirani yasisogee. Fedha: utalipa ada ya kumwona daktari na ya kazi, pengine pamoja na picha kama atataka kuona mzizi. Mwenye bima aulize mapokezi kabla ya kukaa kwenye kiti. Huduma za meno kwenye hospitali za umma kwa kawaida ni siku za kazi, ilhali baadhi ya kliniki binafsi hupokea watu Jumamosi.

Hatari iko moja na haizungumzwi. Eugenoli, mafuta yale ya karafuu, hudhoofisha ushikaji wa baadhi ya simenti za kisasa za jamii ya rezini zinazotumika kubandika kofia ya kudumu. Mwambie tabibu kwamba kofia ya kudumu inakuja, umuulize kama anayo simenti ya muda isiyo na eugenoli. Kama hana, si mwisho wa dunia: mwombe akuandikie jina la aliyotumia, na karatasi hiyo mpe daktari wako atakapokuvisha ya kudumu ili asafishe jino ipasavyo.

Inamfaa aliye Dodoma na daktari wake yuko Dar, Arusha au nje ya nchi, huku siku za kusubiri zikiwa bado nyingi.

Njia ya tatu: kuibandika mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayofanywa zaidi na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi.

Vitu vya kubandikia vinatofautiana sana. Cha kwanza ni simenti ya muda inayouzwa famasi kwa ajili ya kofia na meno yaliyozibuka. Famasi kubwa za mjini huenda wakawa nayo au wakakuagizia. Kwenye duka la dawa muhimu kijijini usitegemee kuikuta. Cha pili ni gundi ya meno ya bandia, ile wanayotumia wazee wetu kushika meno ya kuvaa. Hiyo hupatikana kirahisi zaidi na hushika kwa saa kadhaa. Cha tatu ni vaselini safi au dawa ya meno ya kawaida, tone dogo tu ndani ya kofia. Hiyo haibandiki chochote. Inaziba uwazi ili kofia isicheze, basi.

Ukiamua, fanya kwa utulivu, mbele ya kioo, na kitambaa kikiwa kimeziba tundu la sinki. (Kofia nyingi haziponi zikitumbukia kwenye bomba.) Isugue kofia kwa mswaki na maji ya uvuguvugu. Usiichemshe ukidhani unaua vijidudu, kwa sababu plastiki yake inaweza kupinda. Mabaki ya simenti ya zamani yakwangue ndani kwa kijiti cha meno, taratibu, bila kuzigusa kingo zake nyembamba. Kisha ivae ikiwa tupu, bila gundi yoyote. Hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote: kofia ina upande mmoja tu sahihi, na ukiikosea itakaa juu juu. Funga mdomo polepole. Kama meno mengine yote yanakutana kama zamani, imekaa. Kama jino hilo linatangulia kugusa, ivue uigeuze. Ikikataa mara zote, simama hapo hapo, usiilazimishe kwa kuiuma.

Ikikubali, kausha kisiki kwa pamba au gozi, na uikaushe kofia. Paka tabaka jembamba kwenye kuta za ndani. Ukiijaza pomoni haitashuka hadi chini. Isukume kwa kidole, kisha uma pamba kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo ya dawa. Iliyofurika futa. Uzi wa meno ukiupitisha pembeni, uchomoe kwa kuuvuta ubavuni, kwani ukiunyanyua utaondoka na kofia yako.

Kwa mizani yetu: ulinzi ni wa wastani kwa simenti ya famasi, mdogo kwa gundi ya meno ya bandia, na kidogo sana kwa vaselini. Nafasi inashikwa vizuri ilimradi kofia ipo mahali pake muda mwingi wa siku, na hii ndiyo sifa kubwa ya njia hii. Fedha ni chache. Hatari yake ni kufungia uchafu ndani, kuibandika ikiwa juu ukalitesa jino kwa kila tonge, na kuimeza au kuivuta kwenye njia ya hewa ukiwa usingizini. Kwa hiyo kofia iliyoshikwa kwa vaselini, dawa ya meno au gundi ya meno ya bandia ivuliwe kabla ya kulala, ioshwe, iwekwe kwenye kikopo chenye mfuniko. Usiifunge kwenye tishu juu ya meza. Atakayefagia asubuhi ataitupa.

Inamfaa ambaye kofia yake ni nzima, jino haliumi au linauma kidogo, na daktari atapatikana ndani ya siku chache. Haimfai mtoto, wala mtu mwenye kifafa au shida ya kumeza, wala yule mwenye fizi zilizovimba.

Na supagluu?

Fundi viatu anayo, duka la vifaa linayo, na inashika kweli. Tatizo ni kwamba inashika mno. Haikutengenezwa kwa ajili ya mdomo, hutoa joto inapokauka, inaunguza fizi, na kofia ikiganda imepinda haivuliki tena bila kusagwa, pengine pamoja na sehemu ya kisiki. Kofia ya kudumu iliyokwisha tengenezwa kwa kipimo cha zamani haitafuata mabadiliko hayo. Kwenye ulinganisho huu sikuipa nafasi ya tano, na sidhani kama nimeionea.

Njia ya nne: kuliacha wazi na kusubiri miadi

Ulinzi ni sifuri. Kinachobaki ni nidhamu yako. Tafunia upande wa pili. Ubuyu wa kumung'unya, karanga, muwa, kashata na bazoka viwekwe kando. Uji, ndizi za kupikwa, na ugali kwa mlenda ambao hauhitaji hata meno vitakufikisha. Piga mswaki kwenye kisiki kama kawaida, kwa mkono mwepesi, maana fizi iliyovimba siku ya kuvishwa hutoa damu na kumsumbua daktari. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kunatuliza fizi.

Kama linauma, parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi nane ndani ya saa 24, na uhakikishe huna dawa nyingine ya mafua yenye parasetamoli hiyo hiyo. Aspirini haisagwi ikawekwa kwenye fizi, inaunguza. Mafuta ya karafuu yaguswe kwenye jino kwa ncha ya pamba, yasimwagwe mdomoni. Nayo yana ile eugenoli niliyoitaja, basi mjulishe daktari.

Nafasi inategemea tarehe. Miadi ikiwa keshokutwa, hupotezi kitu. Ikiwa baada ya wiki mbili, unacheza na kofia ya kudumu uliyokwisha ilipia. Fedha leo ni hakuna. Kesho zinaweza kuwa nyingi. Inamfaa mwenye miadi ya karibu sana, na yule ambaye kofia imepotea kabisa na tabibu yuko mbali. Jino lililotibiwa mzizi nisingeliacha hivi zaidi ya siku mbili tatu hata kama halina kero.

Kwa hali yako

Unaishi Area C au Kisasa na kliniki yako iko hapa mjini: piga simu asubuhi, nenda siku hiyo hiyo, na usiku wa leo kofia ilale kwenye kikopo.

Daktari yuko Dar, miadi ni baada ya siku tatu, kofia ni nzima: ibandike mwenyewe au iache wazi, kutegemea jino linavyojisikia. Kusafiri mara mbili ndani ya wiki moja hakuna faida.

Daktari yuko Dar, miadi ni baada ya wiki mbili au zaidi: tafuta daktari wa meno hapa Dodoma. Ya kujibandikia itumie kumalizia Jumamosi na Jumapili tu.

Uko Kondoa, mjini ni zaidi ya kilomita 150, na kofia imevunjika vipande: anzia hospitali ya wilaya, uulize chumba cha meno kama wanaweza kufunika kisiki. Usibandike vipande. Wapigie pia waliokutibu, maana wakijua hali hiyo wanaweza kuisogeza mbele tarehe yako.

Ni jino la mbele na Jumamosi hii wewe ndiye mshenga: gundi ya meno ya bandia itakuvusha sherehe, ila nyama choma ikatwe vipande vidogo itafuniwe nyuma. Jumatatu nenda kwa daktari.

Umeibandika, ikatoka, ukaibandika tena, ikatoka: acha. Kuna kitu kwenye mgusano wa meno au kwenye kisiki chenyewe ambacho gundi haitakiponya, na anayeweza kukiona ni mtu mwenye taa na kioo kidogo cha mdomoni.